Mdogo wangu anakuja Desemba: wanangu wamwite nani?

Mama_wa_Kisauni
Assalaam aleikum. Naomba ushauri wa watu wazima.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ana mwaka wa kumi na moja Hamburg na ameshachukua uraia wa huko. Mwezi wa Machi alinipigia kuniambia amekwenda ofisi ya usajili na penye jinsia sasa pameandikwa "divers", neno lao la jinsia ya tatu. Ujerumani ina sheria iliyoanza Novemba 2024: unatoa taarifa, unangoja miezi mitatu, unarudi kutia saini. Haulizwi daktari wala hakimu. Hajioni mwanamke, na mwanamume pia hajioni. Alilia, nami nikalia, lakini simu sikukata.

Mama hajalazimika kubadili neno. Tangu zamani humwita "mwanangu", mimi "mdogo wangu". Amekula? Amefika salama? Kiswahili hakitaki kujua zaidi ya hapo. Kinachonikwaza ni wanangu wawili, waliozoea kumwita khaloo, yaani mama mdogo. Ameniomba kwa upole neno hilo liachwe, na mjomba pia halitaki. Mtoto wa miaka sita kumwita mtu mzima kwa jina kavu, kwetu ni utovu wa adabu. Wamwite nani?

Karani_wa_2019
Pole dada. Nilikuwa karani wa sensa ya 2019, ya kwanza Kenya kuweka nafasi ya tatu penye jinsia, kwa ajili ya huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Nyumba moja, mama alipofika kwa mtoto wake wa pili alinyamaza, akaomba aone kishikwambi changu. Akaweka kidole pale pa tatu, akasema, "Kumbe yumo." Nchi nzima walihesabiwa 1,524, na mimi naamini wengi walifichwa. Najua ya mdogo wako ni mengine, hayahusu maumbile. Ila uso wa yule mama sijausahau. La kuitwa sina jibu.

Ibn_Mvita
Huntha tunamjua. Vitabu vya mirathi vimemweleza tangu kale na fungu lake lipo. Huyu wako kaumbwa mwanamke. Khaloo ni khaloo, usiwachanganye watoto.

Mama_wa_Kisauni
Kaka, nimekusikia, na sikuja kubishana juu ya dini. Lakini mdogo wangu hajakanyaga nyumbani miaka minne kwa kuogopa maneno haya haya. Mama ana miaka 74 na kila Idi anamtengea sahani. Nataka aje, akae, aitwe kwa neno lisilomchoma. Watoto hawajachanganyikiwa. Wao wanauliza ataleta chokoleti gani.

Bibi_Lamu
Mwanangu, katika hao wawili hakuna aliyepewa jina lake?

Mama_wa_Kisauni
Yupo bibi, huyo wa miaka sita. Nilimzaa wiki ile mdogo wangu alipopata kazi yake ya kwanza kule.

Bibi_Lamu
Basi si somo yake huyo? Mwenye jina lako ni somo yako, awe mke awe mume. Nyumbani kwetu mtoto mmoja akiwa na somo, wenzake wote humwita Somo vilevile, na ni neno la heshima. Mimi nina miaka 68 na bado yupo anayeniita hivyo.

Mama_wa_Kisauni
Bibi, Mungu akuweke. Nilimtumia ujumbe wa sauti usiku. Asubuhi kajibu: "Somo nalitaka. Waanze kulizoea." Mkubwa ameshaliandika kwenye karatasi ya kumpokelea uwanja wa ndege.