Epacadostat ilianguka mwaka 2018. Je, wazo la kuzuia vimeng'enya vya saratani nalo lizikwe?

Mleta mada: Wakuu, kila yakitajwa matibabu ya saratani yanayolenga vimeng'enya, atatokea mtu wa kusema hiyo biashara iliisha na epacadostat, dawa ya kuzuia kimeng'enya kiitwacho IDO. Mimi nasema haikuisha. Nitoe historia kwanza kwa wageni wa jambo hili.

Mwaka 1998 watafiti wa Augusta, Georgia, waliwapa panya wenye mimba kemikali inayozuia IDO hiyo. Mimba ambazo baba alikuwa wa ukoo mwingine wa vinasaba ziliharibika. Ambazo baba na mama walikuwa wa ukoo mmoja zilisalimika. Kumbe IDO ndiyo iliyokuwa ikizuia kinga ya mama isimshambulie mtoto. Huvunja triptofani, kirutubisho ambacho seli T (askari wa kinga) zinakihitaji, na kuacha kinurenini, ambayo huzidhoofisha. Baadaye ikaonekana kwamba uvimbe mwingi wa saratani nao una IDO ya kutosha. Hesabu ikawa nyepesi: zuia IDO kwa epacadostat, ongeza pembrolizumab, dawa inayoifungulia kinga breki, kinga ipate nguvu.

Majaribio ya mwanzo hayakuwa na kundi la kulinganisha, lakini matokeo yalivutia, basi wakakimbilia jaribio kubwa la wagonjwa 706 wenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Aprili 2018 majibu yakatoka. Muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele: miezi 4.7 kwa waliopata dawa zote mbili, miezi 4.9 kwa waliopata pembrolizumab na kidonge bandia. Kampuni nyingine zikaanza kufunga majaribio yao.

Hoja yangu: hawakupima kwanza nani ana IDO nyingi. Wagonjwa walichukuliwa bila kuchaguliwa kwa kigezo hicho. Utasemaje wazo limekufa?

Mfamasia: Mkuu, hata ungewachagua. IDO ina wenzake. Kuna TDO inayofanya kazi ileile, na mwaka 2020 watafiti wa Heidelberg walionyesha kwamba kimeng'enya kingine, IL4I1, nacho huvunja triptofani na kuamsha kipokezi kilekile ambacho kinurenini hukitumia kuzima seli T, kwa njia ambayo dawa za IDO haziigusi kabisa. Umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye mitatu.

Na si IDO tu. Telaglenastat, inayozuia kimeng'enya cha glutaminesi, ilijaribiwa kwenye saratani ya figo ikiambatana na dawa nyingine, cabozantinib. Muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga: miezi 9.2, dhidi ya 9.3 kwa cabozantinib na kidonge bandia. Fedha hizo zingefanya mengi kwingineko.

Mleta mada: Hapo kwenye milango nakubali, na ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Tuangalie kimeng'enya kingine, IDH1. Katika glioma (uvimbe wa ubongo) nyingi za daraja la chini, jini yake imebadilika tangu mwanzo wa uvimbe, kwa hiyo karibu kila seli inayo. Kimeng'enya kilichobadilika hutengeneza 2-hidroksiglutareti, na hiyo inaziba vimeng'enya vinavyofuta alama za kemikali kwenye DNA. Seli inashindwa kukomaa, inabaki na tabia za seli shina, yaani seli changa zinazoendelea kuzaa nyingine. Kemikali hiyohiyo ikivuja nje huingia kwenye seli T na kuzidhoofisha. Kosa moja, faida mbili kwa uvimbe. Na dawa ya kukizuia ipo: vorasidenib iliidhinishwa Marekani Agosti 2024. Kwenye jaribio la wagonjwa 331, muda wa kati bila ugonjwa kusonga ulikuwa miezi 27.7, dhidi ya 11.1 kwa kidonge bandia. Basi suala ni kama uvimbe umejengwa juu ya kimeng'enya hicho, au unakitumia tu kwa kuwa kipo.

Daktari wa damu: Kwa IDH niko nawe, nikiongeza tu kwamba vorasidenib inachelewesha, haiponyeshi. Ila hilo la "tabia za seli shina" ulilipitisha haraka mno. Seli shina za saratani tunazijua kwa kupandikiza seli ndani ya panya na kuhesabu ngapi zinaota uvimbe. Kwenye melanoma zilidhaniwa kuwa adimu sana, labda moja katika milioni. Mwaka 2008 maabara moja ya Michigan ikatumia panya walionyimwa kinga zaidi ya wale wa awali, na ghafla takriban seli moja katika nne ikaota uvimbe! Seli hazikubadilika, kinga ya panya ndiyo iliyobadilika. Sasa niambie: kipimo kile cha zamani kilihesabu seli shina, au kilihesabu seli zinazojua kujificha?

Mleta mada: Swali zuri, na ndiyo maana mimi siyatenganishi mambo hayo mawili.

Daktari wa damu: Kutoyatenganisha si sawa na kuthibitisha kwamba ni kitu kimoja. Kwenye lukemia mpangilio wa seli shina umesimama vizuri zaidi kuliko kwenye uvimbe mgumu. Usichukue la damu ukalivika melanoma.

Muuguzi, wadi ya saratani: Samahani wakubwa, mimi natoka upande wa dripu. Pembrolizumab wagonjwa wetu wengi wanaisikia tu. Wanachopata kwa saratani ya matiti ni doxorubicin na cyclophosphamide. Sasa kimeng'enya cha ALDH1, kinachotumika tangu 2007 kutambua seli shina za saratani ya matiti, ni cha familia ya vimeng'enya inayoiharibu cyclophosphamide kabla haijafanya kazi. Hilo linatugusa leo, si 2040. Mbona hamlijadili?

Mfamasia: Kwa sababu ini na uboho navyo vina ALDH, dada. Uboho ndio unaomfanya mgonjwa avumilie cyclophosphamide. Ukizuia ALDH mwili mzima, chembe nyeupe zitaporomoka kabla uvimbe haujatikisika.

Muuguzi, wadi ya saratani: Sijasema mzuie. Nimeuliza kama kupima ALDH1 kwenye kipande cha uvimbe kungetusaidia kujua nani dawa hiyo haitamfaa, kabla hajamaliza mizunguko yote na nywele zimeisha.

Mfamasia: Kwa hilo sina pingamizi. Ila kwanza nionyeshe hospitali ambako hata kipimo cha vipokezi vya homoni kinarudi kwa wakati.

Muuguzi, wadi ya saratani: Huo ni mjadala mwingine, na huo nitaushinda.