Ajira mpya Makambako, najiona kama nimeibahatisha hii kazi

Binti_Bena:
Kamwene wadau. Nina miaka 25, nilimaliza chuo cha kilimo SUA nikakaa nyumbani nauza mkaa na mama hadi mwezi wa tano nikaitwa huku Makambako, kiwanda kimoja cha kufungasha parachichi, supavaiza wa ubora. Nilifurahi mpaka nikalia. Sasa niko wiki ya saba na kila siku saa kumi usiku nishaamka moyo unadunda, baridi ya huku mnaijua lakini mimi natoka jasho.

Kazi yenyewe ni gari likifika nachukua sampuli, nakwangua nyama ya tunda, napima gramu 10, naweka kwenye maikrowevu ikauke halafu napima tena, ikibaki gramu 2.3 basi draimata, yaani kile kinachobaki maji yakiisha, ni asilimia 23, parachichi aina ya Hass tunataka isipungue 21. Rahisi eeh? Juzi magari matatu yamepanga foleni, madereva wanapiga honi, nikatoa sampuli haijakauka vizuri ikasoma 22, nikapitisha. Yale matunda tuliyobakisha ya kuangalia badala ya kuiva yakaanza kunyauka. Meneja hakufoka, akaniangalia tu akasema "usirudie". Bora angefoka.

Halafu kuna wamama wa kuchambua kwenye mkanda, wengine wana misimu mitano pale, wananiita bosi mpaka nasikia aibu. Naona siku si nyingi watajua sijui kitu. Barua ya kuacha kazi nishaiandika, iko kwenye simu.

mzee_wa_kibaoni:
Futa hiyo barua. Umesahau mkaa?

chai_mufindi:
Mkuu hapo juu kumtisha mtu na mkaa hakumsaidii, atabaki kazini anatetemeka tu.

Dada, mimi nilianzia kiwanda cha chai, miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naenda chooni sina haja yoyote, nakaa tu dakika tano nipumue. Hiyo hali ina watu walioiandika kabisa, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, mwaka 1978, waliongea na wanawake waliofanya vizuri kazini na vyuoni ila bado wanajiona wamewadanganya watu. Kwa hiyo hauko peke yako. Ila kwa upande wangu lile kosa lako wala halihusiani na hayo, magari matatu, mtu mmoja, maikrowevu moja, hapo hata mwalimu wako wa SUA angepitisha. Mwambie meneja msimu ukichanganya unahitaji msaidizi, mwambie kwa namba, sampuli moja inachukua dakika ngapi na magari ni mangapi. Na ukikausha pima, rudisha, pima tena mpaka namba igome kushuka. Honi haijawahi kukausha parachichi.

nesi_uyole:
Ndaga kwa ushauri mzuri. Mdogo wangu mimi nimeishia pale kwenye saa kumi usiku. Kama ni wiki mbili sasa hulali vizuri nenda kituo cha afya ukaeleze yote, usiseme "nina malaria" kama wengi wanavyofanya. Na kahawa ya jioni acha kwanza.

mzee_wa_kibaoni:
Sawa nimekubali nilikosea. Binti, hao wamama waulize, usiwaogope.

Binti_Bena:
Nimerudi na mrejesho. Jana nilimfuata mmoja wa wale wamama nikamwambia mama nifundishe, akacheka, akachukua tunda kwenye kreti akalipasua na kunionyesha kile kiganda cha mbegu, kikiwa cha kahawia tunda limekomaa, hiki kilikuwa cheupe kabisa. "Hili bado mwanangu, hata usipime." Nikapima hivyo hivyo, mara nne, ikagoma kwenye 19. Nikarudisha gari zima. Dereva amenitukana kuanzia mizani hadi getini.

Nimelala mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ya msaidizi namwambia meneja Jumatatu, dakika nishazihesabu.