Naomba ushauri: Swapu ya GB 4 imeifanya Raspberry Pi ya maktaba yetu kuwa nzito kuliko awali

MkutubiLuanda, Jumatatu jioni

Habari za jioni, ndugu na dada. Ninasimamia maktaba ndogo ya jamii karibu na soko la Luanda, kaunti ya Vihiga, na seva yetu ni Raspberry Pi 3 Model B yenye RAM ya GB 1 na kadi ya SD ya GB 32. Inaendesha orodha ya vitabu iliyoandikwa kwa PHP na kuhifadhiwa katika MariaDB, Apache inayoifungua orodha hiyo, na Kiwix inayowawezesha wanafunzi kusoma Wikipedia bila intaneti. Mfumo ni Raspberry Pi OS, toleo la Bookworm, lile lenye madirisha, kwa sababu skrini yake iko mezani pangu na ninaitumia kuandikisha vitabu.

Wanafunzi wanapoingia baada ya masomo na tableti zikakaribia kumi na tano, orodha ya vitabu ilikuwa ikiacha kujibu. Katika dmesg, daftari la matukio la kerneli (kiini cha mfumo), nilikuta maneno "Out of memory: Killed process" yakifuatwa na jina la mariadbd, nikaelewa kwamba kumbukumbu imekwisha na kerneli imelazimika kuiua programu moja ili nyingine zibaki hai.

Ili kuongeza swapu, yaani nafasi ya kadi inayotumika kama RAM ya ziada, nilifungua /etc/dphys-swapfile, nikaweka CONF_SWAPSIZE=4096, nikawasha mashine upya, lakini free -h ikaonyesha swapu ya GB 2 tu. Nilidhani mpangilio umekataa, kwa hiyo nikaunda faili ya pili kwa mkono, /swapfile ya GB 2, kwa kufuata fallocate, chmod 600, mkswap na swapon, kisha nikaiandika katika /etc/fstab, orodha inayosomwa mashine inapowaka. Sasa swapu ni GB 4 na MariaDB haiuawi tena, lakini saa kumi jioni ukurasa mmoja huchukua hata dakika nzima kufunguka, na taa ya kijani ya kadi haizimiki. Naomba kuelezwa kwa nini 4096 iligeuka 2048, na kwa nini kuongeza swapu kumeleta uzito badala ya nafuu.

Fundi_Kondele, Jumatatu usiku

Pole kwa usumbufu, ndugu. Swali la kwanza ni jepesi: katika faili hiyo hiyo kuna kikomo kinachoitwa CONF_MAXSWAP, ambacho kwa kawaida ni MB 2048 hata kama mstari wake umefungwa kwa alama ya reli. Ukiomba zaidi ya hapo, dphys-swapfile hukata ombi lako lifike kwenye kikomo. Mpangilio haukukataa, na faili ya pili haikuhitajika.

Kuhusu uzito, uko jirani na soko, kwa hiyo mtazame muuzaji ambaye kibanda chake ni kidogo na stoo yake iko ng'ambo ya barabara ya Busia. Akiweka stooni bidhaa zisizoulizwa sana, kibanda kinapumua. Akilazimika kuvuka barabara kwa kila mteja, biashara imesimama, na kuipanua stoo hakutamsaidia. Kadi ya SD ndiyo ng'ambo ya barabara. Kwenye Pi 3, njia ya kadi hiyo haizidi takriban MB 25 kwa sekunde hata katika usomaji wa mfululizo, na swapu haisomi kwa mfululizo. Inadokoa vipande vya KB 4 huku na huko, jambo ambalo kadi hulifanya polepole mno.

Naomba utuletee vipimo kabla hujabadilisha lolote. Saa ya msongamano, endesha vmstat 1 kwa dakika moja uangalie safu za si (kinachorudi kutoka swapu), so (kinachopelekwa kwenye swapu) na wa (asilimia ya muda ambao kichakataji kinaisubiri kadi). Halafu endesha ps -eo pid,rss,comm --sort=-rss | head -40 ili tujue ni nani hasa anayekula kumbukumbu.

Nakuru_Section58, Jumatatu usiku

Ongeza kipimo kimoja: vcgencmd get_throttled. Hapa Nakuru nilihangaika wiki mbili nikiilaumu swapu, kumbe chaja ya simu niliyotumia haikutosha na kichakataji kilikuwa kikipunguziwa kasi. Pi 3 inataka volti 5.1 na ampea 2.5. Jibu likiwa 0x0 umeme wako ni salama. Likiwa 0x50005, volti inapungua wakati huo huo unapouliza.

MkutubiLuanda, Jumanne jioni

Asanteni sana. Umeme ni 0x0. Katika vmstat, si na so zote zilikuwa katika maelfu bila kupumzika, na wa ilikuwa kati ya 60 na 80 muda mwingi. Katika ps nimehesabu michakato 26 ya Apache, kila mmoja ukionyesha takriban MB 35, mariadbd MB 110, na michakato kadhaa ya Chromium ambayo kwa jumla inakaribia MB 300. Hiyo Chromium ni yangu. Huwa naiacha wazi kutwa nzima hapa mezani.

Mwalimu_Bungoma, Jumanne usiku

Ndugu Mkutubi, vipimo vyako vimesema kila kitu. Mashine ya GB 1 huonyesha takriban MB 900 zinazoweza kutumika, na wewe umeidai karibu mara moja na nusu ya hizo, ingawa rss, ile safu ya RAM ya kila mchakato katika ps, huhesabu zaidi ya mara moja kumbukumbu ambayo michakato inashiriki, kwa hiyo dai halisi ni dogo kidogo kuliko jumla yake. Kinachoonekana katika si na so ni kurasa, yaani vile vipande vya kumbukumbu vya KB 4, zinazotupwa kwenye kadi na kurudishwa papo hapo kwa sababu bado zinatumika. Kerneli ilipokuwa ikiiua MariaDB, ilikuwa ikikueleza kwa sauti kwamba mzigo umezidi. Swapu ya GB 4 imeinyamazisha sauti hiyo, lakini mzigo uko pale pale.

Ningeanza na Apache. PHP inapoendeshwa ndani ya Apache kwa mod_php, Apache hutumia mpm_prefork, ambapo kila ombi hushikwa na mchakato wake, na katika Debian mpangilio wake huruhusu MaxRequestWorkers 150, yaani michakato 150 kwa pamoja. Mia na hamsini kwa MB 35 ni zaidi ya GB 5, nawe una moja. Fungua /etc/apache2/mods-available/mpm_prefork.conf, uweke MaxRequestWorkers 8, kisha ushushe KeepAliveTimeout, sekunde ambazo muunganisho usio na kazi husubiriwa, kutoka 5 hadi 2 katika apache2.conf, maana kila kivinjari cha tableti huweza kufungua miunganisho kadhaa na kuikalia bila kazi. Usiogope kwamba wanafunzi wengine watakosa huduma: ombi la tisa husubiri kwenye foleni, na ombi linalojibiwa kutoka RAM huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Foleni fupi inayosonga ni bora mara nyingi kuliko watu ishirini na sita wanaohudumiwa kwa pamoja kutoka kwenye kadi.

Pili, kivinjari kihamie kwenye kompyuta nyingine au simu, na madirisha yazimwe kwa sudo systemctl set-default multi-user.target. Najua meza yako itakosa skrini, na hilo ni pungufu la kweli, lakini seva ya GB 1 haiwezi kuwa pia kompyuta ya karani. Kiwix nayo itafaidika. Inasoma faili yake kubwa ya ZIM kupitia akiba ambayo kerneli huiweka katika RAM iliyobaki wazi, na RAM ikijaa, akiba hiyo ndiyo ya kwanza kubanwa, kwa hiyo hata Wikipedia inakuwa nzito ingawa Kiwix yenyewe inakula kidogo.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuhusu swapu. Sakinisha zram-tools, na katika /etc/default/zramswap uweke ALGO=lz4, PERCENT=50 na PRIORITY=100. Zram ni swapu iliyo ndani ya RAM yenyewe: ukurasa unaotupwa hubanwa ukawa mdogo, mara nyingi nusu au theluthi ya ukubwa wake, na kuufungua tena ni kazi ya kichakataji bila kugusa kadi. Bakisha faili moja ya dphys-swapfile ya MB 512 nyuma yake kama akiba ya dharura.

Fundi_Kondele, Jumanne usiku

Naunga mkono, na ningependekeza pia vm.swappiness=10, ili swapu isianze kutumika hadi RAM ibaki asilimia 10.

Mwalimu_Bungoma, Jumanne usiku

Kwa heshima, Fundi, hapo sikubaliani nawe, kwa sababu namba hiyo si asilimia ya RAM, ingawa maelezo hayo yameenea sana. Kerneli inapohitaji nafasi ina njia mbili: kutupa akiba ya mafaili, au kupeleka kumbukumbu za programu kwenye swapu. Swappiness ni mizani kati ya njia hizo, na kawaida yake ni 60. Kwa swapu iliyo kwenye kadi pekee, kuishusha kuna hoja. Kwa zram, ambako kurudisha ukurasa ni rahisi kuliko kusoma faili upya kutoka kwenye kadi, inafaa ipandishwe. Mimi huandika vm.swappiness=100 katika faili yangu ndani ya /etc/sysctl.d na kuendesha sudo sysctl --system.

Fundi_Kondele, Jumanne usiku

Nimekuelewa, Mwalimu, na nitairekebisha mashine yangu pia.

DadaWaMilimani, Jumatano asubuhi

Mkutubi, nakusihi kabla ya yote utoe nakala ya hifadhidata kwa mariadb-dump na kuiweka kwenye flashi nyingine. Seli za kadi ya SD huhimili maandiko ya idadi yenye kikomo, na kadi yako imekuwa ikiandikwa mfululizo kila jioni. Hapa Kisumu nilipoteza kumbukumbu za wakopaji za miezi mitatu kwa njia hiyo hiyo. Siku moja mfumo ulijigeuza kuwa wa kusoma tu, dmesg ikajaa makosa ya mmc0 (kifaa cha kadi ya SD), na kadi haikuamka tena. Kuingiza upya majina yale kutoka kwenye daftari kulituchukua muda mrefu, na mengine hatukuyapata.

MkutubiLuanda, Jumatano jioni

Nakala nimetoa, dada, asante kwa kunionya mapema. Nimekwama kwenye hatua moja: sudo swapoff /swapfile imekaa dakika kumi na mbili, kisha ikajibu "Cannot allocate memory".

Mwalimu_Bungoma, Jumatano jioni

Swapoff hairuhusiwi kutupa kitu. Ni lazima iurudishe kila ukurasa ulio ndani ya faili hiyo kwenye RAM au kwenye swapu nyingine, na nafasi haikutosha. Simamisha kwanza apache2 na mariadb kwa systemctl stop, funga Chromium, kisha urudie.

MkutubiLuanda, Ijumaa usiku

Nimerudi na matokeo ya siku mbili. Swapoff ilikubali kwa chini ya dakika moja baada ya kusimamisha huduma, nikaifuta /swapfile. Apache sasa ina kikomo cha 8, madirisha yamezimwa, na uandikishaji wa vitabu naufanya kwa simu kupitia mtandao wa maktaba. Katika swapon --show naona /dev/zram0 yenye PRIO 100 na /var/swap (faili ya dphys-swapfile) ya MB 512 yenye PRIO -2; yenye PRIO kubwa hutumika kwanza. Leo saa kumi, tableti kumi na sita zikiwa kazini, free -h ilionyesha MB 240 zinazopatikana, zram ilikuwa imetumia MB 90, na /var/swap ilikuwa sifuri. Safu za si na so zinagusa namba ndogo mara chache na kurudi kwenye sifuri. Ukurasa wa orodha unafunguka kabla mtoto hajainua macho, na taa ya kijani inapumzika.

Nakuru_Section58, Ijumaa usiku

Hongera. Je, ule mstari wa /swapfile katika /etc/fstab umeuondoa? Ukiubakiza, kila mashine inapowaka systemd itajaribu kuiwasha faili isiyokuwepo na kukuandikia kosa.

MkutubiLuanda, Ijumaa usiku

Nilikuwa nimeusahau. Nimeuondoa sasa hivi, nikawasha upya, na systemctl --failed haionyeshi kitu.