Albamu yangu ya Noeli iko tayari, ila sijui niitoe sasa au niiache. Naomba ushauri

SaksoKamalondo
Jambo kwenu wote. Napiga saksofoni hapa Lubumbashi, kwenye harusi na hotelini, na mara mojamoja kwenye ukumbi wa utamaduni wa Halle de l'Étoile wakinialika. Mwaka huu nimerekodi albamu ya nyimbo za zamani za Noeli kwa mtindo wa jazi: saksofoni, kibodi, kontrabasi na ngoma zinazopigwa kwa brashi. Hakuna anayeimba. Ni zile nyimbo walizoimba wazazi wetu kwenye misa ya usiku wa tarehe 24, kabla spika hazijaingia kanisani. Moyo wangu wote uko humo. Shida ni kwamba usingizi umenikimbia. Nikitaka kuitoa, naogopa. Nikisema nisubiri mwakani, naona Noeli inapita na pesa imeshaliwa. Nifanyeje? Nisaidieni.

MamaKatuba
Mwanangu, itoe! Lakini mbona umewaondoa waimbaji? Noeli bila sauti za watu ni kula bukari bila sombe. Sisi tukiwa wadogo Katuba tulikwenda misa ya usiku kwa miguu, mvua ya Desemba unaijua, viatu tumevibeba mkononi ili visiharibike kwa matope. Tukifika mlangoni tunapangusa miguu, tunavaa, ndipo tunaingia. Mama yangu alikuwa soprano. Ukiniambia Noeli, mimi nasikia sauti yake kwanza.

BesiNne
Achana na woga, sikiliza habari ya ufundi. Ella Fitzgerald alitoa albamu ya Noeli mwaka 1960, Jimmy Smith akatoa yake na kinanda cha Hammond mwaka 1964. Mwaka huohuo wa 1960 Duke Ellington na Billy Strayhorn walichukua sehemu za The Nutcracker, ile baleti ya Noeli ya Tchaikovsky, wakazigeuza jazi. Ushauri wangu ni mmoja: tuni iache isikike mara ya kwanza bila mapambo, halafu ndipo uanze kucheza nayo. Je, wewe umeiacha isikike? Vijana wengi wanaanza kuonyesha vidole kabla msikilizaji hajajua ni wimbo gani.

SaksoKamalondo
Nimeiacha, mkubwa wangu. Mara ya kwanza napiga kama kwaya ilivyoimba.

WakiliWaGolf
Swali langu moja. Unasema "nyimbo za zamani". Za nani? Kwa sheria ya 5 Aprili 1986, hapa kwetu kazi inalindwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Umri wa wimbo hauhesabiwi. Irving Berlin, mtunzi wa White Christmas, alifariki 1989, kwa hiyo usimguse bila ruhusa, hata kama bibi yako alimwimba.

SaksoKamalondo
Hizo nazijua. Nimechukua Stille Nacht, ule wa Austria wa 1818, wa padri Joseph Mohr na Franz Gruber. Nimechukua Minuit, chrétiens wa Adolphe Adam wa 1847, aliyefariki 1856. Na zile za Kifaransa ambazo mtunzi wake hajulikani. Nyingine ni za kwaya tu.

WakiliWaGolf
"Za kwaya tu" ndiyo nini?

MzeeWaReli
Mnakumbuka Missa Luba, ile misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa kwetu Kongo? Kamina, Padri Guido Haazen na wale watoto wake, Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 walikwenda hadi Ulaya. Dunia nzima ilisikia Sanctus yetu. Lakini wale walioibuni papo hapo wakiimba, majina yao nani anayataja leo? Kila nikiisikia nafurahi, kisha nauliza hilo swali.

WakiliWaGolf
Mzee, umenisaidia bila kujua. Sakso, bado hujajibu.

SaksoKamalondo
Sawa. Nne ni za mwalimu wetu wa kwaya, parokia moja ya Katuba. Ameshafariki. Ndiye aliyenifundisha solfa, zile noti za do-re-mi, kabla sijashika saksofoni. Hakuzichapisha popote, zilibaki kwenye daftari, na daftari hilo ninalo mimi.

MamaKatuba
Unalo kwa namna gani? Ulipewa au ulichukua?

SaksoKamalondo
Niliazimwa na mjane wake ili ninakili. Sikumwambia habari ya albamu. Na kava zimeshachapwa, zinasema "nyimbo za jadi". Kabla hamjanirukia, nisikieni. Nyimbo hizi zilikuwa zinakufa. Kwaya ya sasa haiziimbi, wanaimba za kwenye YouTube. Ningemwambia mapema, ndugu wote wangekuja na mahesabu yao, na albamu isingezaliwa. Mimi ndiye niliyelipa studio. Nikiweka jina lake, nimefungua mlango wa kudaiwa. Nisipoliweka, angalau nyimbo zinaishi.

NdugaLikasi
Zinaishi zikiwa yatima? Sasa hizo kava uwape mama wa mikate wafungie.

BabaMapacha
Mimi baba yangu alitengeneza vinyago vya shaba, mtu akaviuza Afrika Kusini kwa jina lake. Baba aliviona kwenye gazeti. Hakusema kitu, ila toka siku ile hakuchonga tena. Fikiria vizuri, ndugu.

MchunguziRuashi
Miye nasema huu uzi ni wa kutunga. Angalieni: mwanzo alikuwa na woga tu, halafu nyimbo za mwalimu, halafu mjane, halafu daftari. Kila tukiuliza kunazaliwa mutu mupya. Na kontrabasi hapa mujini njo wapi? Kesho utaona anaweka bei na namba ya simu. Ni tangazo.

BesiNne
Kontrabasi ipo, nimeipiga mwenyewe. Lakini kuhusu hilo lingine, kweli hata mimi nimeanza kujiuliza.

SaksoKamalondo
Sitaji bei hapa na sitaitaja. Daftari ni la shule, jalada la bluu, limeshonwa upya kwa uzi wa kushonea magunia. Solfa ameandika kwa penseli, sauti nne moja juu ya nyingine, mstari wa besi ameupitia kwa kalamu nyekundu. Kuna matone ya mshumaa ukurasa wa pili. Na pembeni ya alto, karibu kila ukurasa, ameandika "msivute".

AltoWaZamani
Msivute! Jamani. Nilikuwa alto kwake. Alikuwa anapiga mapigo kwa kijiti cha mwanzi kwenye benchi, na sisi alto tuliuvuta wimbo, tukachelewa mapigo kila mara, basi anasimamisha kwaya nzima anatutazama sisi tu. Mchunguzi, hii si ya kutunga.
Ila Sakso, kuna jambo hulijui. Ule wimbo wa mapigo ya sita, wa wachungaji, unao humo?

SaksoKamalondo
Upo. Ndio wimbo wa kwanza kwenye albamu. Ndio bora kuliko zote.

AltoWaZamani
Ule si wa mwalimu. Ni wa mkewe. Aliuanza akiwa anatwanga, mwalimu akausikia akauandika, na alitueleza hivyo mbele ya kwaya yote. Mtunzi unayemwita jadi yuko hai, anakaa nyumba ileile uliyokwenda kuazima daftari.

WakiliWaGolf
Basi kwa wimbo huo huna haja ya kikao cha ukoo. Mtu mmoja, karatasi moja: jina lake, wimbo, mgawo wake, sahihi mbili. Hizo tatu nyingine utaongea na warithi, kisha mwandikishe zote SOCODA, shirika la haki za watunzi. Kava zibandikwe stika.

SaksoKamalondo
Stika itaharibu picha. Na akikataa? Nimeshalipia ukumbi.

MamaKatuba
Akikataa unautoa wimbo, unabaki na Waaustria wako. Ukumbi hautakula mtu.

SaksoKamalondo
Bila huo albamu haina kichwa. Nitakwenda Jumapili. Lakini kava sizitupi.

AltoWaZamani
Usimpelekee kava, mpelekee saksofoni. Nenda asubuhi baada ya misa ya kwanza, jioni wajukuu wanajaa na redio juu. Keti upande wake wa kulia, sikio la kushoto halisikii. Na usivute, mama naye hapendi.