Siki, ndimu ya unga au dawa ya dukani: kipi chafaa mashine ya kahawa kwa maji yetu ya Mombasa?

Binti_Makadara
Assalaam aleikum nyote. Nna mashine ya kahawa ya umeme, zile za kudondosha zenye jagi la kioo. Siku hizi yakoroma, yatoa mvuke mwingi, maji yateremka kidogo kidogo, na kahawa yenyewe ina uchungu usio wake. Maji yetu ni ya kisima cha nyumbani na ndani ya tangi kumefanya ukoko mweupe. Shangazi asema siki. Jirani asema ndimu ya unga. Muuza duka aninadia dawa maalumu ya kutoa chokaa, na bei aliyoitaja ilinifanya nicheke. Aliyejaribu zote anipe tofauti. Na nikitaka kuua vijidudu kabisa, naweza kutia Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, ndani?

Kibokoni_Damu
Jik usitie. Mengine watakuja wajuzi.

Fundi_Kongowea
Wa aleikum salaam dadangu. Kwanza tutenganishe uchafu, maana humo ndani mna wa aina mbili na kila mmoja una dawa yake. Mna chokaa cha maji, na mna mafuta ya kahawa. Kukoroma ni chokaa. Uchungu, mara nyingi, ni mafuta yaliyooza.

Chokaa chatoka wapi? Pwani hii imekaa juu ya jabali la matumbawe, hilo hilo wanalolichimba Bamburi wakafanya saruji. Maji ya kisima hupita humo yakabeba chokaa bila ya wewe kukiona. Ukiyapasha moto, chokaa hujitenga kikaganda kwenye chuma. Mashine yako haina pampu. Kinachopandisha maji ni mapovu ya mvuke ndani ya mrija mwembamba. Mrija ukiwa mwembamba zaidi kwa ukoko, maji hayapandi, ndipo unaposikia huo mkoromo.

Chokaa hutolewa na kitu kikali, yaani asidi. Siki, ndimu ya unga na ile dawa ya dukani zote ni asidi, kwa hivyo zote hufanya kazi. Tofauti ni hizi.

Siki ya kawaida ya jikoni ina asidi kama asilimia 5. Tia nusu siki nusu maji. Hutoa chokaa, lakini harufu yake huganda kwenye mipira na mirija, utaonja achari kwenye kahawa mpaka usuze kwa maji matupu mara tatu au zaidi.

Ndimu ya unga: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji. Koroga iyeyuke yote kabla ya kutia kwenye tangi, punje zisije zikaziba. Washa mashine, ipitishe nusu, izime, iache nusu saa au saa nzima ndiyo umalize. Suza kwa matangi mawili ya maji safi. Haina harufu, na hupatikana kwa muuza viungo yeyote. Usifikirie kuzidisha ndiyo kusafisha: ikiwa nyingi na ikachemka sana, yaweza kushikana na chokaa ikafanya ukoko wake mwingine.

Dawa ya dukani nyingi ndani yake mna asidi hiyo hiyo ya ndimu au jamaa zake. Mimi huwaambia wateja wainunue kama mashine ni ya espresso, ya pampu, na ina dhamana ambayo kijitabu chake chataka dawa fulani. Kwa mashine ya kudondosha ni kulipia boksi.

Siki_Tamu_Likoni
Fundi umeidhalilisha siki bure. Siki iko jikoni kwa kila mtu, huhitaji kupima wala kukoroga. Ila iwe nyeupe, si ile ya rangi, na ukishamaliza acha kifuniko wazi hata kesho yake. Harufu huondoka yenyewe.

Fundi_Kongowea
Huondoka, sikatai. Lakini wageni wa alasiri hawatangoja kesho yake.

Mnywa_Kahawa_Tungu
Na ndimu zenyewe, za mti? Nyumbani zaoza uani.

Bibi_wa_Dele
Mwanangu, ndimu ya mti ina nyama na sukari, utaingiza uchafu mwingine kwenye mrija. Ndimu hizo wekea dele, lile birika la kahawa la shaba: kata kipande, kichovye chumvi, sugua shaba kwa nje mpaka ing'are, kisha suza haraka na ukaushe. Ndani usisugue hivyo, utaondoa bati.

Sasa nimsaidie Binti kwa upande wa mafuta, maana hapo ndimu wala siki hazifui dafu. Mafuta ya kahawa yataka sabuni ya vyombo na maji moto. Chomoa kikapu cha kichujio, kiloweke, sugua pembe zake kwa mswaki wa zamani. Jagi likiwa na rangi ya hudhurungi isiyotoka, nyunyiza magadi ya kupikia, tia maji moto, liache lilale. Tafadhali msichanganye magadi na siki kwa pamoja kwa sababu yatoa povu la kupendeza. Moja humla mwenziwe na mwishowe huna kitu.

Na jambo la pili: mnaotia tangawizi na iliki kwenye karatasi ya kichujio pamoja na kahawa. Tangawizi ya unga huziba, kahawa ikafurika pembeni, na iliki haitoki kwenye plastiki. Mimi viungo huvichemsha kando nikachanganya kwenye chupa ya chai.

Muuguzi_Tudor
Nirudi kwenye Jik, maana Kibokoni hakueleza. Jik ikikutana na siki au ndimu ya unga hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu. Mashine yenye mabaki ya moja, ukatia nyingine jikoni pasipo dirisha, ni hatari ya kweli.

Halafu vijidudu haviko unakodhani. Sehemu ya moto hujitetea. Tatizo ni tangi la maji baridi na kifuniko chake. Mwaka 2011 shirika la NSF la Marekani lilipima vyombo vya nyumbani, na tangi la mashine ya kahawa likaingia kwenye orodha ya sehemu kumi chafu zaidi. Ndani ya matangi hayo mlikutwa kuvu. Kwa joto na unyevu wetu wa Aprili na Mei msitarajie nafuu. Mwaga maji yaliyobaki kila siku, osha tangi kwa sabuni kama latoka, acha kifuniko wazi likauke. Machicha ya kahawa usiyalaze kwenye kichujio usiku.

Mtwapa_Moka
Kwa wenye zile birika za Kitaliano za jikoni, nyingi ni za alumini. Asidi isikae humo muda mrefu, na magadi ndiyo mabaya zaidi, huzifanya nyeusi. Maji moto na kitambaa, basi.

Binti_Makadara
Ahsanteni. Nimeanza na sabuni, kisha ndimu ya unga. Tangi la kwanza lilitoka na vipande vyeupe kama maganda ya yai, la pili kidogo, kisha nikasuza. Mkoromo umepungua sana. Sasa niulize: nikinunua maji ya mitungi ya lita 20 kutoka duka la maji yaliyochujwa, chokaa kitakoma?

Fundi_Kongowea
Kitapungua sana, maana mitambo yao mingi huondoa chumvi pamoja na chokaa. Lakini yakiwa matupu mno kahawa hupooza, haina ladha. Changanya nayo kidogo ya mfereji kama wapata. Ya mkokoteni uliza kwanza yametekwa wapi, mengine ni ya kisima kama chako.

Siki_Tamu_Likoni
Na ukiuliza atakwambia ni ya mfereji.