Naomba ushauri: ukiamini jehanamu ina mwisho, bado u Mkristo halali?

Njia_Panda
Wakuu, Bwana asifiwe. Naombeni mawazo, maana jambo hili limeninyima raha. Narudia 1 Wakorintho 15:22-28 na kila mara naona kitu kile kile: katika Adamu wote wanakufa, katika Kristo wote watahuishwa, adui wa mwisho ni mauti, kisha Mungu anakuwa yote katika wote. Mateso yasiyokwisha yanakaa wapi baada ya mstari wa 28? Ongezeni Warumi 5:18 na Wakolosai 1:20. Je, mtu akishika imani hii ni Mkristo halali au mzushi? Naomba majibu ya Maandiko, vitisho hapana.

Kinara_cha_Shaba
Mkuu, usiruke mstari wa 23: "kila mmoja mahali pake, limbuko ni Kristo, baadaye walio wake Kristo." Hapo "wote" wa mstari wa 22 wamepewa mpaka, ni wale walio wake. Kisha nenda Mathayo 25:46: "Na hao watakwenda zao kuingia katika adhabu ya milele, bali wenye haki watakwenda katika uzima wa milele." Sentensi moja, pande mbili, kipimo kile kile. Ukiipa adhabu mwisho, umeupa na uzima mwisho. Augustino, askofu wa kale, alishaitumia hoja hii katika Mji wa Mungu, kitabu cha 21, dhidi ya Wakristo wenzake waliowahurumia waliohukumiwa.

Bado_Kitambo
Wote wawili mmekosea mahali pamoja, mnadhani mwovu ataishi milele. Mathayo 10:28 inasema Mungu aweza kuangamiza mwili na roho katika jehanamu. Yuda 7 inasema Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, na Sodoma haiungui leo. Moto usiozimika ni moto ambao hakuna wa kuuzima, hausemi kuni hazitaisha. Ufunuo 20:14 unaiita mauti ya pili. Mauti ni mauti.

Kinara_cha_Shaba
Na Ufunuo 20:10, "mchana na usiku hata milele na milele"?

Bado_Kitambo
Huo unamtaja Ibilisi, mnyama na nabii wa uongo. Wanadamu wako mstari wa 15.

Kinara_cha_Shaba
Soma 14:11 basi, moshi wa maumivu yao, na hao ni wanadamu wamsujuduo mnyama.

Mzee_wa_Mababa
Mleta mada kauliza kama ni uzushi, nanyi mnagawana mistari. Origeni, mwalimu wa Kanisa wa karne ya tatu, alifundisha kwamba viumbe vyote vitarejezwa kwa Mungu. Mwaka 543 Kaisari Justiniani alitoa laana juu ya mafundisho yake, na laana nyingine 15 zinahusishwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Constantinople wa 553. Wanahistoria bado wanabishana kama hizo 15 zilipitishwa na Mtaguso wenyewe ukiwa umeketi. Isome ile ya kwanza: inalaani roho kuwapo kabla ya mwili, pamoja na urejesho unaotokana na fundisho hilo. Grigori wa Nisa, askofu wa karne ya nne, alitumaini urejesho wa wote bila kufundisha roho kuwapo kabla, hakulaaniwa, na Mashariki na Magharibi wanamheshimu kama mtakatifu. Kwa hiyo mtu akikuambia "Kanisa lililaani 553", muulize lililaani fundisho lipi hasa.

Swali_Moja
Ndugu Njia_Panda, halali mbele ya nani? Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1035 inafundisha jehanamu ya milele, na namba 1058 inasema Kanisa linasali asipotee hata mmoja. Makanisa mengine yana maungamo yao, yaani matamko rasmi ya imani. Wewe ni wa dhehebu gani, na una nafasi gani kanisani?

Njia_Panda
Sioni dhehebu linahusikaje. Kweli ni kweli popote.

Swali_Moja
Linahusika sana. Muumini wa kawaida akitumaini hivi hakuna kikao kitakachomwita. Mwenye ahadi ya kufundisha ni jambo jingine. Je, kuna ahadi yoyote umeweka au unakaribia kuweka?

Njia_Panda
Sawa. Ni Mlutheri. Nimemaliza chuo cha theolojia na mwezi ujao nabarikiwa kuwa mchungaji. Na darasa la kipaimara nimeshalifundisha kwamba adhabu ya Mungu ni ya kutakasa na ina mwisho. Wazazi wameanza kuuliza. Nilichoamua ni hiki: ahadi nitaitamka, ila moyoni naichukulia kwamba nafuata maungamo kwa kadiri yanavyolingana na Maandiko. Grigori alikuwa askofu, sioni kwa nini mimi nizuiwe.

Upendo_wa_Kweli
Mtumishi, watoto wa kipaimara! Hao hawana Kigiriki wala historia ya mitaguso. Mwalimu anapewa kondoo wa Bwana, hapewi uwanja wa kujaribia fikra zake. Yakobo 3:1, waalimu watapata hukumu kubwa zaidi.

Swali_Moja
Sasa tunaweza kushauriana. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 17, linawakataa waziwazi wanaofundisha kwamba adhabu ya waliohukumiwa na ya mashetani itakuwa na mwisho. Grigori hakuwahi kuahidi kifungu hicho, wewe utaahidi.

Leo hii tafuta maneno kamili ya ahadi katika liturujia ya kubariki, na katiba ya kanisa lako. Angalia imeandikwa "kwa sababu maungamo yanalingana na Maandiko" au "kwa kadiri yanavyolingana". Walutheri wamebishana juu ya tofauti hiyo muda mrefu. Ya kwanza inakufunga kwa kila kifungu cha imani. Ya pili inakuachia nafasi, ila lazima iwe imeandikwa hivyo. Ukiiongeza moyoni kimya, usharika utasikia ahadi moja na wewe utakuwa umetoa nyingine.

Pili, tenganisha mambo matatu unayoyachanganya: kuomba wote waokolewe (1 Timotheo 2:1-4 inakuagiza), kutumaini kwamba Mungu atafanya hivyo, na kufundisha kuwa ni hakika. Kifungu cha 17 kinakubana kwenye la tatu, na ndilo ulilofanya darasani.

Mzee_wa_Mababa
Nyongeza yenye faida kwake. Luther mwenyewe, katika barua kwa Hans von Rechenberg mwaka 1522, aliandika kwamba Mungu kuweza kumpa mtu imani hata baada ya kufa hakuna wa kulitilia shaka, lakini kwamba anafanya hivyo hakuna awezaye kulithibitisha. Na Waanglikana, katika Vifungu vyao vya imani, walikuwa na kifungu cha 42 mwaka 1553 kikikataa wokovu wa wote, wakakiondoa 1563.

Jicho_Kavu
Samahani wakuu, huu uzi mimi siuamini. Bandiko la kwanza linauliza kama mtu aliyefungua Biblia juzi. Tukimbana, ghafla kahitimu theolojia. Mhitimu wa Kilutheri hawezi kuuliza kama hili ni uzushi, kifungu cha 17 anakijua. Hapa mtu anakusanya hoja za kwenda kueneza fundisho lake.

Bado_Kitambo
Hata mimi nimeshangaa.

Njia_Panda
Nilikijua. Sikukitaja kwa sababu nilijua mngejibu kifungu badala ya Maandiko. Niulizeni lolote.

Jicho_Kavu
Kifungu hicho kinakataa kundi gani la pili?

Njia_Panda
Wanaosema kabla ya ufufuo wa wafu watakatifu watatawala ufalme wa dunia na waovu kukandamizwa kila mahali.

Jicho_Kavu
Hilo mtu analipata kwa kutafuta dakika moja. Bado siuamini.

Upendo_wa_Kweli
Kama ni la kutunga, mtunzi atubu. Kama ni la kweli, kuna watoto wanasubiri kipindi kijacho.

Swali_Moja
Awe wa kweli au wa kutungwa, ushauri haubadiliki, na wapo watakaousoma wakiwa na shida hii hii.

Njia_Panda
Nimewaelewa. Nitamwandikia askofu, ila baada ya kubarikiwa, mambo yakitulia.

Swali_Moja
Hapana ndugu, iwe kabla. Kabla ya ahadi ni mazungumzo, na wanaweza kukuongezea muda. Baada yake ni shauri la nidhamu. Barua iwe ukurasa mmoja: nakili kifungu, taja sehemu unayoikubali (Kristo atarudi, atahukumu), taja sehemu inayokushinda, sema ulichofundisha darasani, kisha uliza kama ukiahidi kutofundisha mwisho wa adhabu kuwa ni hakika, hilo linatosha. Na kwenye kipindi kijacho fungua Mathayo 25 na 1 Wakorintho 15 pamoja, uwaambie wanafunzi kanisa lao linaungama nini.

Njia_Panda
Na wakisema halitoshi?

Swali_Moja
Basi usiahidi.