Naomba ushauri: barabara tatu za changarawe, ipi inafaa kwa steji ya rali?

MpangaNjia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Klabu yetu ndogo ya mbio za magari imekubaliwa kufunga barabara moja ya changarawe kwa siku moja, steji (kipande ambacho magari hupita moja moja yakishindana na saa) ya kilomita 12 hivi, magari yapite mara mbili. Nimepewa kazi ya kupendekeza barabara. Ninazo tatu mkononi na nimekwama.

Ya kwanza ni pana, greda limepita majuzi, laini kama meza, na sehemu kubwa imenyooka. Ya pili iko msituni: nyembamba, inapanda na kushuka, kona hazikatiki. Ya tatu inapita kwenye vilima vya wazi. Ina mawe mengi na inavuka kijito kimoja, lakini ukisimama juu unaliona bonde zima.

Wenzangu wengi wanaitaka ya kwanza kwa sababu ni nzuri machoni. Moyo wangu uko kwa ya pili, ila siwezi kueleza kwa nini. Nataka dereva ashuke garini akiwa na hamu ya kurudia, na mtazamaji arudi nyumbani akiwa ameona kitu. Mnaojua barabara, nisaidieni.

KonaMkono

Ya kwanza iache mkuu. Barabara iliyonyooka inapima injini, haimpimi dereva. Na kasi ikizidi, waandaaji wenyewe hujikuta wanaiharibu steji. Mwaka 2016 Kris Meeke alishinda Rally Finland kwa wastani wa zaidi ya kilomita 126 kwa saa. Mwaka uliofuata waandaaji wakaweka vizuizi vya kuzungukwa katikati ya barabara ili kupunguza mwendo, na madereva na mashabiki wengi hawakuvipenda. Ukichagua barabara inayohitaji vizuizi ili iwe salama, umechagua vibaya tangu mwanzo.

MsomaNoti

Ndugu MpangaNjia, moyo wako haujakosea. Nimekaa kiti cha msoma ramani miaka mingi, acha nikupe sababu zake.

Barabara nzuri ya rali ina mdundo. Kona moja inaizaa nyingine. Ukitoka kulia umekaa vibaya, kushoto inayofuata utailipia, na ya baada yake pia. Kwenye changarawe dereva hasubiri afike kwenye kona ndipo akate usukani. Analigeuza gari mapema, analisukuma kidogo upande wa pili, kisha analiachia lizunguke, ili liingie kona likiwa limeshaelekea linakotoka. Kwa hiyo uamuzi wa kona ya tatu anaufanya akiwa bado kwenye ya kwanza. Kona zilizotengana kwa kilomita nzima haziwezi kukupa hilo. Kila moja inaanza upya, kama watu wasiojuana.

La pili ni vilele. Ile steji ya Ouninpohja kule Finland haikupata jina kwa miruko peke yake, ingawa miruko ipo kweli: mwaka 2003 Markko Märtin aliruka mita 57 akiwa kwenye kasi ya kilomita 171 kwa saa. Ugumu wake ni kwamba barabara inapotea mbele ya macho, na dereva lazima alipange gari kwa ajili ya kona asiyoiona, kwa kuamini noti, yaani maelezo ya kona ninayomsomea njiani. Hapo mimi na dereva tunakuwa mtu mmoja. Nikichelewa neno moja, tumetoka nje.

La tatu watu hulisahau: mlalo wa barabara kwenye kona. Kule New Zealand, kwenye steji kama Whaanga Coast, kona nyingi zimeinama kuelekea ndani, gari linaegemea barabara na kushikiliwa nayo. Ndiyo maana madereva wanazisifu zile barabara mpaka leo. Kona iliyoinama kuelekea nje inakutupa mtaroni. Chache za namna hiyo ni sawa, zinatenganisha waliosoma noti na waliobahatisha. Zikiwa nyingi ni ajali zinazosubiri siku.

Katembee hiyo ya pili kwa miguu. Kwa gari utaona kona. Kwa miguu utauona mlalo.

FundiGreda

Nimefanya kazi ya barabara za vumbi maisha yangu yote, na naona hapa mnazungumzia umbo tu. Tazameni kilicho chini.

Barabara ambayo greda limepita majuzi inadanganya. Juu ni laini kwa sababu kokoto zimetawanywa bila kushindiliwa. Gari la kwanza litapita kama juu ya gololi, la kumi litapata njia ngumu safi. Ndiyo maana kwenye mbio za dunia anayetangulia analalamika kwamba anawafagilia wenzake, na kweli anawafagilia. Steji ya namna hiyo mshindi anaweza kuamuliwa na zamu ya kuanza.

Unachotaka ni kitanda kigumu chenye kokoto chache juu. Barabara nzuri ya changarawe ina vitu vitatu vilivyochanganyika: mawe ya kubeba uzito, mchanga wa kujaza nafasi, na udongo wa mfinyanzi wa kushikanisha. Mfinyanzi ukiwa mdogo, mawe yanatawanyika na yale mawimbi madogo madogo yanayotetemesha gari yanajitokeza haraka. Ukizidi, mvua kidogo tu na barabara inakuwa sabuni.

Kupima hakuhitaji maabara. Kanyaga kwa kisigino uzungushe. Kisigino kikizama, kitanda hakipo. Mwaga lita kadhaa za maji katikati uangalie yanakwenda wapi. Mgongo wa barabara unatakiwa kuwa juu kuliko kingo, kama sentimita 10 kwa barabara ya mita 5. Maji yakituama au yakifuata alama za tairi, mvua ya usiku mmoja itaivuruga steji yako. Kagua makalvati yote pia, hasa vichwa vya zege vilivyojificha kwenye majani. Hivyo ndivyo vinavyong'oa magurudumu.

Na kumbuka magari yanapita mara mbili. Kwenye ardhi ya kichanga, mpito wa kwanza unachimba mifereji, wa pili gari linatembea kama treni kwenye reli. Mifereji kiasi inaongeza utamu. Ikiwa mirefu hadi tumbo la gari linaburuza, umeua steji.

MpangaNjia

Mkuu FundiGreda, hili la kisigino nimelichukua. Na ile ya tatu, ya mawe? Nasikia wengine wanasema mawe ndiyo uanaume wa rali.

ShokapuMbili

Mawe yana nafasi yake. Acropolis ya Ugiriki na Safari ya Kenya zimejenga heshima juu ya barabara ngumu, kwa sababu zinampima dereva kitu kingine: kujua wakati wa kuacha kukanyaga. Mwaka 2021 Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza. Shokapu ya nyuma ikavunjika, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Hiyo ni rali ya kuvumilia, na naipenda sana.

Lakini tofautisha mawe mawili. Jiwe lililoshikwa na ardhi unaliandika kwenye noti, unalikwepa, au unajua utalipia nini ukiligonga. Jiwe lililolegea halipo wakati mnakagua. Linaletwa katikati na gari lililotangulia lililokata kona. Hilo ni bahati mbaya tupu. Na klabu ndogo, watu wanaokuja na magari waliyojengea gereji za nyumbani, mkiwapa kilomita 12 za mawe nusu yao hawatamaliza, na mwakani hawatarudi. Kilomita tatu nne zinatosha.

DadaFilimbi

Habari zenu ndugu zangu. Nimekuwa mashali wa steji, msimamizi wa usalama barabarani, kwa misimu mingi na nawaomba mnisikilize, maana hadi sasa mtazamaji ametajwa kama mgeni.

Mahali pa watazamaji pachaguliwe siku ileile mnayochagua barabara. Barabara ambayo haina pa kuwaweka watu salama haifai, hata iwe tamu namna gani. Mahali pazuri pako juu kuliko barabara, kuna kitu kati ya watu na gari, na kuna njia ya kufika na kuondoka bila kukanyaga steji. Upande wa nje wa kona hapana. Baada ya mruko hapana kabisa, kwa sababu gari likiwa hewani dereva hana breki wala usukani, na likitua limepinda linakwenda linakotaka lenyewe. Kwenye changarawe ongezeni mawe yanayorushwa na tairi.

Machi 1986 kule Ureno, gari la Joaquim Santos liliingia kwenye kundi la watu karibu na Sintra. Watu watatu walikufa, zaidi ya 30 waliumia, na madereva wa timu kubwa wakajiondoa kwenye mashindano. Ile ilikuwa lami, ambako gari lina mshiko zaidi kuliko kwenye kokoto. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni pande zote mbili.

MpangaNjia, je, kwenye hiyo barabara ya pili kuna mruko?

MpangaNjia

Upo dada, kilomita ya nane. Kilele kikali, na mbele yake uwanja wa nyasi. Nilikuwa nimepanga watazamaji wakae hapo hapo kwenye uwanja.

MtazamajiSugu

Dada, heshima kwako, lakini usitunyime mruko. Sisi tunatembea tangu alfajiri kwa ajili ya sekunde tatu hizo. Ukituweka mbali sana tutatafuta pa kupenya, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Mtazamaji hahitaji kuguswa na gari. Anahitaji kuliona kwa muda mrefu. Pale Sweet Lamb, Wales, mahali ni kama bakuli: unasimama mlimani, unaliona gari likishuka ng'ambo, linapita kwenye maji, linapanda tena. Hilo kwangu linashinda kusimama kwenye kichaka ambako gari linapita mara moja ukabaki na vumbi. Na unalisikia kabla hujaliona. Mngurumo unapokelewa na vilima, unajua dereva ameachia wapi na amekanyaga wapi. Unamlinganisha na aliyemtangulia. Huo ndio utamu wenyewe.

DadaFilimbi

Kaka, hapo tuko pamoja. Mruko utazamwe ubavuni, kutoka juu, mbali na barabara, mahali ambapo gari linaonekana likipaa na likitua. Fafe kule Ureno umati unaujaza mlima mzima kwa mtindo huo. Huo uwanja wa nyasi uzungushiwe utepe na ubaki mtupu. Ni nafasi ya gari kupotelea likikosea.

MpangaNjia

Wakuu, nimerudi. Jana nimetembea zote tatu, miguu inauma lakini macho yamefunguka.

Ya kwanza: kisigino kilizama karibu kila mahali. Nimeifuta.

Ya pili: kitanda kigumu, kokoto chache juu. Maji yalikwenda mtaroni vizuri, isipokuwa sehemu moja bondeni yalipotuama. Nimehesabu kona 41 kwenye kilomita 9, na karibu zote zimeinama kuelekea ndani. Nimekuta vichwa vitatu vya kalvati kwenye majani, vyote nimevipaka rangi nyeupe. Ubavuni mwa mruko kuna mwinuko wenye miti michache, kama mita 40 kutoka barabarani, na njia ya ng'ombe inafika hapo kwa nyuma.

Jambo ambalo sikulijua: ya pili na ya tatu zinakutana. Nikichukua kilomita 9 za msitu nikaunganisha na 3 za vilima, napata 12, na kijito kiko kwenye hizo 3, chini ya mteremko unaoonekana vizuri kutoka juu.

Wasiwasi wangu umebaki mmoja. Msituni hakuna upepo. Lilipita pikipiki moja, vumbi likaning'inia muda mrefu.

MsomaNoti

Mkuu, hiyo ni steji. Vumbi ni adui wa haki: anayekuja nyuma haoni, anapunguza, anapoteza. Ongezeni muda kati ya gari na gari. Dakika mbili hazitoshi kwa msitu mkavu. Anzeni na tatu, na mkiona bado linaning'inia wekeni nne. Pia epukeni saa ambazo jua liko chini mbele ya dereva. Vumbi na jua la machoni vikikutana, hata noti nzuri hazisaidii.

FundiGreda

Hapo bondeni maji yalipotuama fungueni mtaro sasa, kabla ya mvua. Na mpange kabisa siku ya kuirudisha barabara ilivyokuwa, kwa sababu wanaoitumia kila siku hawakushindana na mtu.

ShokapuMbili

Swali moja. Umeitembea kutoka upande gani? Steji ileile ikigeuzwa ni barabara nyingine. Mruko unaweza kuwa mteremko mtupu, kona iliyokuwa inafunguka ikawa inakaza. Ukianzia vilimani, mawe yanakuja tairi zikiwa mpya na dereva bado ana subira. Ukianzia msituni, anayafikia akiwa amechoka na tayari ameshika mwendo. Sijui lipi bora kwenu, ila usiamue kabla hujaziona pande zote.

MpangaNjia

Nilianzia msituni. Kijito kingekuwa karibu na mwisho, na watazamaji wa vilimani wangekuwa karibu na kituo cha kumalizia, jambo ambalo DadaFilimbi labda hatalipenda.

DadaFilimbi

Silipendi. Gari likishamaliza bado lina kasi, na watu hukimbilia kuliona. Wekeni mstari wa kumalizia angalau mita mia tano kutoka kwenye mwinuko wa watazamaji, kisha unitumie mchoro niuangalie.

MpangaNjia

Sawa dada. Jumamosi naitembea kuanzia vilimani na dereva mmoja na msoma ramani wake, nitaleta mchoro wa pande zote mbili.